Pindo la Gauni

4 Juni 1995

Kwa mdogo wangu Gauni,

Pokea salamu kutoka nyumba hii uliyozaliwa humo na ambayo siku hizi unaijua kwa anwani tu. Sisi ni wazima. Cherehani ya Mama ndiyo imeanza tena kukohoa kila nikiingiza kitambaa kizito. Nimeipaka mafuta, nimeibembeleza, bado inakata uzi pale pale inapojua nina haraka. Macho yangu nayo yamezeeka kabla yangu. Nikitaka kutunga uzi namwita mke wa seremala, jirani yetu, naye hutunga huku akinihesabia miaka. Nashona mapazia ya shule nzima, hata nikifumba macho naona mapazia.

Sasa sikiliza. Mwanangu anamaliza chuo. Yule mtoto ambaye Mama alimwita Sindano kwa wembamba wake sasa atawachoma watu sindano akiwa na cheti mkononi. Mahafali ni tarehe 16 Desemba, katika ukumbi wa chuo cha uuguzi. Kila mhitimu huitwa jukwaani na mtu mmoja wa nyumbani kwao, na mtu huyo ndiye anayemvisha beji kifuani mbele ya wote. Fomu ililetwa wiki iliyopita. Nilidhani ataandika mama. Ameandika: mjomba, fundi mizani.

Sikuona wivu, au niliona kidogo tu. Anasema baba yake alipokuwa mgonjwa na mimi nikiwa naye hospitali, wewe ndiye uliyekaa na yeye miaka miwili, ukimpeleka shule kila asubuhi kabla hata mlinzi hajafungua geti. Anasema tangu hapo hajawahi kuchelewa mahali popote.

Wenzake wanamngoja kwa hamu Mjomba Gauni. Amewahadithia yote, jinsi ulivyokuwa na miaka sita, tukiwa sokoni, ukashika pindo la gauni la mwanamke usiyemjua kwa sababu kitambaa chake kilifanana na cha gauni langu, ukamfuata mpaka upande wa pili wa mji. Walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani.

Safari hii panda basi lisiloharibika njiani. Siku ya mazishi ya Mama watu walikuulizia sana.

Dada yako

* * *

29 Juni 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini cherehani imepona, na kama haijapona ondoa kisahani cha mvutano wa uzi, kisafishe kwa kitambaa kikavu, usitie mafuta hapo. Mimi mzima. Kazi ni nyingi. Wiki hii nimenyoosha mizani ya muuza nyama mmoja iliyozoea kusema uongo kwa upande wa mwenyewe. Sasa inasema kweli na mwenyewe amenuna. Chumba changu cha kazi ni kile kile cha nyuma, chenye dirisha moja. Wateja huacha mizani kwenye kaunta ya mbele, karani ananiletea, na mimi nairudisha kwa njia hiyo hiyo. Ni utaratibu mzuri.

Nimefurahi kuhusu Sindano kuliko ninavyoweza kuandika. Mwambie hivyo.

Kuhusu tarehe 16, Desemba ni mwezi wetu wa ukaguzi na mkuu wangu si mtu wa kuombwa ruhusa. Pia mimi si mtu wa majukwaa. Kwa nini asiwe seremala? Ni mtu wa watu, anasalimia mpaka miti, na amemwona Sindano akikua. Nadhani anafaa sana.

Ukumbi huo unachukua watu wangapi? Viti vimefungwa pamoja au kila kimoja kiko peke yake? Una milango mingapi, na jukwaa liko mbali na mlango wa karibu? Nauliza tu.

Wako,
Gauni

* * *

18 Julai 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kisahani nimekisafisha na cherehani imetulia, ahsante. Paa lilivuja upande wa chumba chako cha zamani, limezibwa. Uzio wa kaburi la Mama seremala ameumaliza, mbao safi kabisa, ila bado haujapakwa rangi na jua linaupiga.

Barua yako nilimsomea Sindano bila kuipitia kwanza, na hilo ni kosa langu. Nilipofika kwenye seremala anafaa sana, aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliviosha vyote. Aliporudi aliniuliza kama alikukosea kitu wakati akiishi kwako. Sasa nijibu wewe, nimwambie nini.

Umeuliza milango. Mtu anayetaka kuja huulizia nauli na mahali pa kulala. Wewe umeulizia pa kutokea.

Na kwa kuwa tumeanza, tumalize. Siku ya mazishi ya Mama, seremala alikuwa kwenye basi lako. Alikuwa anarudi kutoka huko kwenu kutafuta mbao, akakuona umekaa kiti cha mbele, umeegemeza kichwa kwenye kioo. Halikuharibika. Lilifika saa tatu asubuhi, na Mama tulimzika saa saba. Uliniandikia kwamba mlikwama porini mchana kutwa, nami nikawasomea watu barua hiyo kwa sauti, seremala akiwa amekaa pale pale, akaangalia viatu vyake.

Nimelijua jambo hili miaka miwili na sikulisema. Usiniulize kwa nini sikulisema.

Ulikuwa wapi?

Dada yako

* * *

27 Agosti 1995

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima wa mwili. Muuza nyama amerudi, anadai mizani yake imeharibiwa, na mkuu wangu alicheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa duka la rangi.

Ni lile lililo ng'ambo ya barabara, linatazamana na geti letu. Niliposhuka kwenye basi nilitembea vizuri tu mpaka kwenye kona, nikaona uwanja wa nyumba umejaa, watu wamefika hadi barabarani, na wote wangegeuka kunitazama mtoto wa marehemu anaingia. Viganja vikalowa. Kisha sauti zote zikachanganyika zikawa sauti moja inayonikaribia. Kifua kikabana nikawa navuta pumzi na hewa haifiki. Nilijua wazi kwamba hakuna mtu atakayenidhuru, wengi wao walinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kujua hakukusaidia chochote. Nikaingia mlango wa kwanza uliokuwa mtupu.

Mwenye duka akaniuliza nataka rangi gani. Nikasema kijani. Nilisimama kwenye dirisha lake nikiwa na kopo mkononi, nikawaona mkimtoa Mama. Nikakuona wewe unatazama barabarani huku na huku. Nilijua unanitafuta mimi. Mlipoondoka wote nikarudi kituoni. Kopo liko chini ya meza yangu ya kazi, sijalifungua.

Sasa unajua. Ndiyo maana nanunua mahitaji yangu duka likifunguliwa tu, kabla foleni haijaanza. Ndiyo maana Sindano alikuwa wa kwanza getini kila siku; mtoto alidhani ana mjomba mwenye bidii. Kaunta, karani, dirisha moja, yote ni kwa ajili hiyo. Siwezi kusimama katikati ya watu, Dada. Nina miaka arobaini.

Wala simlaumu mtu. Chanzo ni mimi mwenyewe. Niliambiwa nishike na sikujua kushika. Tangu siku ile nikiwa kwenye umati siuamini mkono wangu, naona kama wakati wowote nitatazama juu nione uso si wenyewe.

Usimwambie Sindano. Sema ni ukaguzi.

Wako,
Gauni

* * *

10 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara tatu. Sisi wazima. Mapazia ya shule yameisha, sasa nashona aproni arobaini za hoteli moja, zote nyeupe, na mke wa seremala ameimwagia wino moja.

Nililia kwa ajili ya hilo kopo. Nilipita leo mbele ya duka nikatazama dirisha lake. Kutoka pale geti letu linaonekana lote.

Usijilaumu kwa jambo la utoto. Mtoto wa miaka sita hana kosa. Nalisema hilo na nalirudia, hana kosa hata kidogo, tafadhali lishike.

Sindano sijamwambia kitu. Hajabadilisha jina kwenye fomu. Kuna muuguzi yeyote hapo jirani yako? Sindano alisema zamani, hatukuwa tukizungumza juu yako, kwamba wapo wagonjwa wa namna hiyo na wanasaidiwa hatua kwa hatua.

Kulikuwa na jambo jingine nilitaka kuandika, lakini karatasi imekwisha.

Dada yako

* * *

2 Oktoba 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini aproni imetakata.

Muuguzi yupo. Ni wa zahanati ya mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alileta mizani ya kupimia watoto wachanga. Ilipokuwa tayari karani alikuwa likizo, ikabidi niipeleke mwenyewe, na nilipofika kulikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje. Nilizunguka nyuma ya jengo nikasubiri saa mbili nimeikumbatia mizani mpaka walipokwisha. Alitoka kumwaga maji akanikuta. Hakucheka. Aliniuliza maswali kumi hivi, kisha akauliza mshale wa mizani ukitikisika mimi hufanya nini.

Nikasema, "Nausubiri. Ukiugusa haupimi."

Akasema, "Basi na wewe usijiguse. Simama utikisike mpaka utulie."

Ndivyo tunavyofanya. Wiki ya kwanza nilisimama kwenye mlango wa soko dakika tano tu. Nilitaka kuondoka dakika ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya nne nikashangaa kwamba kile kitisho kimepungua. Si kwamba kimeisha. Kimepungua tu, bila mimi kukimbia. Sasa naingia mpaka kwenye meza za vitunguu na kukaa dakika ishirini. Tatizo ni mwenye vitunguu. Haamini kwamba mtu anaweza kusimama hapo bila kununua. Chumba changu kimejaa vitunguu, karani anasema hata barua zangu zinanuka.

Nikizidiwa muuguzi ameniambia niseme neno moja ninalolijua. Nilichagua lile alilotufundisha Mama. Unakumbuka tukitembea kwenye watu, wewe mbele na kikapu, mimi nyuma nimeshika pindo, unaniuliza, "Umeshika?" nami najibu, "Nimeshika." Nikaanza kuyasema kichwani. Lakini yananizidishia hofu. Nikijibu nimeshika, naiona siku ile.

Muuguzi amesema nimwulize mtu aliyekuwepo. Basi nakuuliza. Nakumbuka uliniuliza umeshika, kwa sauti yako, karibu kabisa na sikio langu. Nikajibu nimeshika, na kweli nilikuwa nimeshika. Sasa kama sauti ilikuwa yako, na mdomo wako ulikuwa hapo kwenye sikio langu, gauni lilikuwaje la mtu mwingine?

Nimelipiga hesabu jambo hili kila upande na halilingani.

Halafu, Dada, uliandika kwamba karatasi imekwisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe.

Wako,
Gauni

* * *

11 Novemba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Wiki tano sikukujibu. Sikuwa mgonjwa, wala posta haikuwa na kosa. Barua yako ilikuwa chini ya cherehani na nilishona juu yake kila siku.

Nitaandika mara moja bila kusimama.

Unakumbuka mwaka ule Mama alikuwa amepata jora zima la kile kitambaa cha njano chenye matone ya buluu. Alinishonea mimi, akawashonea na nusu ya wanawake wa mji. Siku ile alitutuma kupeleka nguo za wateja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Karibu na wauza vifungo kulikuwa na mpiga picha ametundika pazia lenye mlima na ziwa, na pale walikuwa wasichana watatu wa darasani kwangu, wale waliokuwa hawanisemeshi. Wakaniita nikapige nao picha. Mmoja akasema, "Njoo, lakini bila mkia."

Mkia ulikuwa wewe.

Pembeni yetu alisimama mwanamke anachagua vifungo. Gauni lake lilikuwa la kitambaa chetu. Wewe ulikuwa umemkodolea macho mtu wa kunoa visu, cheche zinaruka, hukuwa unaniangalia kabisa. Nikakufungua vidole kimoja kimoja kwenye pindo langu nikavifunga kwenye pindo lake. Nadhani ulifikiri nakupanga vizuri. Kisha nikainama kwenye sikio lako nikakuuliza, "Umeshika?" Ukajibu, "Nimeshika."

Hukukosea. Ulishika ulichopewa. Mimi ndiye niliyekupa.

Nilifikiri ni dakika moja. Mpiga picha alichelewa kwa sababu alitaka nicheke. Nilipogeuka hakukuwa na mwanamke wala wewe. Yule mama alikuja kukugundua kwenye njia ya reli, akadhani ni mtoto wa jirani yake anamfanyia utani, halafu akakupeleka polisi. Tulikukuta baada ya saa nne nzima. Hukuwa unalia. Ngumi yako ilikuwa bado imefungwa, na Mama alipotaka kuifungua ukakataa.

Mama akaniuliza imekuwaje. Nikasema, "Alishika gauni lisilo langu." Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kirahisi. Akacheka na kulia pamoja, akasema kitambaa chake kimetaka kumwibia mwana. Kesho yake akawahadithia wateja. Ndani ya wiki ukawa Gauni. Nilitaka kusema, nikaona wote wanacheka na wewe unacheka nao, nikasema moyoni kwamba yamepita. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Mwishowe nikawa msimuliaji mkuu mimi mwenyewe.

Nilikuambia usiniulize kwa nini sikukusema kuhusu basi. Ningekusema kwa mdomo upi.

Picha naiweka humu. Sijawahi kumwonyesha mtu. Ni mimi wa pili kutoka kulia. Tazama pindo upande wa kushoto, pale lilipokunjamana. Ni mkono wako.

Sindano hajabadilisha jina. Sikuombi uje. Sina haki ya kukuomba chochote.

Dada yako

* * *

1 Desemba 1995

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeitazama picha kila siku tangu ilipofika. Unacheka vizuri sana.

Kuniacha nimekusamehe pale pale, kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mtu wa miaka kumi na mitatu anaitwa na wenzake, anakwenda. Ningekwenda hata mimi. Kinachonishinda ni kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu akaniita Gauni mbele ya darasa, nikarudi nyumbani nakueleza, ukanipa sukari guru ukaniambia nizoee. Yule binti niliyetaka kumwoa, siku ya kwanza alipokuja nyumbani ulimsimulia kabla hajamaliza chai. Alicheka. Sikumlaumu, unasimulia vizuri, una kipaji. Na Mama. Mama amekufa akijua mtoto wake wa kiume aliambiwa ashike na hakujua kushika. Angeweza kujua vingine, Dada. Ulikuwa na miaka thelathini na miwili ya kumwambia.

Mimi nami nilipokuwa dirishani na kopo nilijiambia ndivyo nilivyo, tangu utoto, ndio mkono wangu. Nilisimama pale kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea.

Nina ombi moja. Hadithi hiyo umeisimulia mezani kila walipokusanyika watu. Isimulie mara moja tena, siku hiyo ya Sindano, wakati wa chakula, mbele ya wote, kama ilivyokuwa. Sitaki kuwepo ukiisimulia.

Kuhusu ukumbi siahidi. Nikiahidi nisipofika nitakuwa nimesema uongo mara ya pili. Jina langu liacheni kwenye fomu, au mlifute, sitachukia.

Fundi mizani

* * *

20 Desemba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa pale ukumbini uliniamkia ukiwa unaangalia mbele. Sisi wazima. Sindano haivui hiyo beji, jana amekwenda nayo kuchota maji.

Mlinzi wa ukumbi aliniambia kuna mtu alimkuta getini alipokuja kufungua, ana furushi la vitunguu, akaomba achague kiti kabla ya watu wote. Nilijua ni wewe kabla hajamaliza. Nilikukuta karibu na mlango wa pembeni, mikono juu ya magoti, na ukumbi unajaa kukuzunguka taratibu. Nilikaa safu tatu nyuma yako. Nilitazama shingo yako muda wote. Sikusikiliza hotuba hata moja.

Mlipoitwa ulikwenda. Beji ilipokuponyoka ikaanguka, ukumbi mzima ukasema aaah, nikafumba macho, nikangoja kusikia mlango. Haukulia. Nilipofumbua ulikuwa umesimama pale pale, mikono imeshuka, unatetemeka mbele ya watu mia sita wala huifichi. Sindano hakusogea. Kisha ukainama, ukaiokota, ukaifunga sawasawa. Ukatoka kwa mlango wako. Vitunguu uliviacha kwenye kiti, tumevila.

Sasa lile ombi. Nyumbani walikuwepo seremala na mkewe, mashangazi wawili wa Sindano na wenzake sita wa chuo. Wenyewe wakaanza, "Mama Sindano, tupe ile ya Mjomba Gauni, tumemwona leo kwa macho." Nikasimama. Mimi nisiyeogopa watu, nikashika ukingo wa meza. Nikawaambia yote, mkia, vidole, vifungo, sikio.

Wakacheka.

Wakacheka kuliko siku zote. Shangazi mkubwa alisema nimeitia chumvi mpya na imenoga. Walidhani ndiyo hadithi yenyewe, imeboreshwa. Wamezoea kuicheka, na aliyewazoesha ni mimi. Nilisimama nikasubiri mpaka wanyamaze, halafu nikaisimulia upya kuanzia mwanzo, polepole, bila mikono, bila kuigiza sauti ya mtu. Katikati mke wa seremala akaweka kijiko chini. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Seremala akatoka nje.

Sindano aliniuliza swali moja tu, "Mama, na mimi je, uliwahi kuniacha mahali?" Nikasema hapana. Aliniangalia muda mrefu, anaamua kama aniamini. Hicho ndicho nilichokipata, na kinanistahili.

Ulipotoka ukumbini ulipita mwisho wa safu yangu. Nilinyoosha mkono kukugusa bega, ukabaki hewani. Sijui kama uliuona.

Dada yako

* * *

14 Januari 1996

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Karani ameipiga ofisi deki mara mbili kwa ajili ya vitunguu. Soko sasa napita katikati, siku nyingine vizuri, siku nyingine natoka nimelowa jasho. Muuguzi anasema zote zihesabiwe.

Niliuona mkono. Ningesimama ningeanguka, kwa hiyo nikapita. Ukumbini nilitaka kukimbia mara nne. Mara ya nne ilikuwa beji ilipoanguka, na Sindano akaninong'oneza, "Ngoja tu, Mjomba, sina haraka." Wewe ulimlea vizuri. Mwambie nimesema.

Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Kuna siku naamka nayo. Kuna siku nyingine naamka namkumbuka Mama anatolewa na mimi ninatazama kupitia kioo, na hapo sina hasira na mtu ila mimi. Tusivipime hivi viwili kipi kizito. Mizani naijua, haifai kwa kazi hii.

Kopo nimelifungua. Juu rangi imeganda, imefanya ngozi, nimeitoa kwa kisu. Chini bado ni nzima, imetosha kabisa kwa uzio wa kaburi ukipakwa mara mbili. Mwambie seremala asiupake yeye.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Aprili kwa basi la asubuhi. Najua Jumamosi kituo hujaa, nimeichagua hivyo. Usije mlangoni mwa basi kunipokea na usiniite kwa sauti. Simama chini ya saa ya kituo, usiondoke hapo hata nikichelewa. Mimi ndiye nitakayekutafuta.

Vaa gauni lolote. Nitakujua.

Mdogo wako